Ukarimu ni wa Nani?

Katika miji yetu midogo ya pwani, mtu akishakufa huwa mwema. Nimehudhuria misiba mingi kiasi kwamba wasifu wa marehemu ukisomwa huweza kuimaliza sentensi kabla msomaji hajaifikia nukta: alikuwa mtu wa watu, hakuwa na makuu, mlango wake haukufungwa. Sina ugomvi na desturi hiyo. Msiba si mahakama, na waliofiwa wana haki ya kupata siku arobaini za maneno laini. Lakini ziko siku baada ya arobaini, na iko miaka baada ya siku hizo, na hapo ndipo linapoanzia swali langu. Tunapomkumbuka mtu aliyetutendea wema mkubwa, je, inatupasa pia kuuliza ni nani aliyeugharimia wema ule?

Nauliza kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Pangani. Jina lake silitaji, maana wazao wake ni wengi na wapo, nao hawakuniomba niwatoe barazani. Mji mzima ulimwita Bi Mkubwa, nami nitamwita hivyo hivyo. Nilimfahamu kuanzia mwaka 1972, nilipopelekwa kufundisha shule ya msingi nikiwa kijana niliyetoka chuoni juzi, mpaka alipofariki mwaka 1993. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha hamia katika vyuo vya ualimu, ambako ndiko nilikozeekea.

Asiyeijua Pangani na ajue kwamba mji huo umekaa kwenye mlango wa mto, na ng'ambo ya pili iko Bweni. Vitabu vya historia huutaja kwa sababu ya vita vya Abushiri vya mwaka 1888 na 1889, na kwa sababu Wajerumani walimnyongea pale pale mwezi Desemba 1889. Lakini kwa msafiri wa kawaida Pangani ilikuwa ni mahali pa kungoja pantoni. Aliyefika jioni akakuta imekwisha funga kazi alilala upande aliofikia. Wenye jamaa walilala kwa jamaa zao. Wasio na jamaa waliuliza njia ya kwa Bi Mkubwa.

Sitaki mtu adhani nimekuja kumpunguza mama huyu, kwa hiyo niseme kwanza niliyoyaona kwa macho yangu. Alikuwa mkunga wa jadi, na sehemu kubwa ya watoto niliowafundisha walipokewa na mikono yake. Alikuwa somo wa wasichana wa mitaa mitatu. Katika miaka ya hamsini alikuwa kiongozi wa ngoma ya kina mama, na ngoma zile, kama tujuavyo kutokana na habari za Bibi Titi Mohamed kule Dar es Salaam, ndizo zilizokuwa mlango wa wanawake wengi kuingia TANU. Kadi za chama alizificha ndani ya pakacha la nazi. Ukame wa mwaka 1974 ulipobana na tukala ule unga wa mahindi ya njano tuliouita Yanga, nyumba yake ilipika sufuria moja zaidi kila siku kwa ajili ya wazee wasio na watu. Na katika ile miaka ya themanini ya foleni na vibali, ambapo hata nguo ya kumzikia maiti ilikuwa kazi kuipata, yeye alikuwa na sanduku lenye jora la bafta nyeupe. Mtu akifiwa, alikatiwa sanda. Hakuandika popote nani kachukua dhiraa ngapi. Nimewahi kuona watu wakijisifu kwa wema mdogo kuliko huo wakiwa na daftari na mhuri.

Kwa hiyo wema ulikuwapo, na ulikuwa mkubwa. Wahenga wamesema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo wa kutoa alikuwa nao.

Ila chakula hakipikwi kwa moyo. Nyumba ile haikuwa na bomba. Maji ya kisima cha karibu yalikuwa na chumvi, yakafaa kuoshea vyombo tu. Ya kunywa na kupikia yalichotwa kwenye bomba la mtaa wa pili. Debe lile la mafuta ya taa, ambalo wakati ule ndilo lilikuwa chombo cha kila nyumba, lilikuwa la galoni nne, yaani lita 18 hivi, na kilo zake ni hizo hizo. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mkabala na nyumba hiyo, na dirisha langu lilitazama njia ya bomba. Alfajiri, kabla sijaenda msikitini, nilimwona mjukuu wa Bi Mkubwa akipita na ngata kichwani. Nikirudi nilimwona tena. Siku ambazo wageni walikuwa wengi niliwahi kumhesabia safari kumi na mbili kabla kengele ya shule haijalia. Baada ya maji ni kukuna nazi, baada ya nazi ni kupepeta mchele, baada ya mchele ni masizi ya masufuria. Mgeni, methali inasema, ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoto yule alipewa jembe siku ya kwanza na hakuna aliyempokea.

Alikuwa mwanafunzi wangu. Hakuwa hodari kupita wote, siwezi kumzulia hilo ili kisa kinoge. Alikuwa wa katikati, mwenye mwandiko safi na tabia ya kusinzia katika kipindi cha tatu. Mwaka 1974, akiwa darasa la tano, akaacha kuja. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imekwisha futwa mwaka uliotangulia, kwa hiyo haikuwa fedha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilikuwa bado haijatungwa, kwa hiyo sikuwa na sheria ya kumshika nayo mzazi. Nilikuwa na miguu tu. Nikavuka njia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Keti, chai hiyo."

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwani hakuwa mtu wa kumkatiza mwenziwe. Kisha akasema: "Mwalimu, jana hapa wamelala watu kumi na mmoja, na mmoja ana mtoto mwenye homa. Ulitaka niwaambie wakalale pantonini?"

Nikasema sikutaka hivyo, nilitaka mtoto asome.

"Mimi nilipokuwa kama yeye," akasema, "nilichotea maji nyumba isiyo ya mama yangu, wala sikupata hata kanga ya Idi. Huyu anachotea nyumba ya bibi yake. Atarithi."

Maneno hayo nimeyatafakari kwa miaka hamsini sasa, na kila nikiyarudia nayaona mazito zaidi. Kwanza yanaonyesha kwamba alijua. Watu husema tusiwahukumu wazee kwa mizani ya leo, kwa sababu hawakuona tunavyoona. Huyu aliona. Uzito wa debe aliujua kwa shingo yake mwenyewe. Pili, yanaonyesha kwamba machoni pake mambo yalikuwa yameendelea, naye alikuwa na hoja.

Ili kuielewa hoja hiyo inabidi turudi nyuma kidogo. Ukarimu wa nyumba kubwa za pwani, ule unaosifiwa tangu zamani na wasafiri, ulikuwa na msingi wake. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa mtawala wa Siyu, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha ambao unasomwa mpaka leo, na mimi mwenyewe nimeufundisha. Humo, pamoja na mengi mazuri juu ya adabu na wema, anamwonya binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Wapo, basi, katika nyumba ile ya adabu. Ndio wanaopika na kuteka maji. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na huku Tanganyika mwaka 1922. Wageni hawakufutwa. Waliendelea kuja, wakiwa na njaa ile ile, na heshima ya nyumba iliendelea kupimwa kwa sinia. Kwa maoni yangu ilichofanya sheria ni kulihamisha debe kutoka kichwa kimoja kwenda kingine: kutoka kwa kijakazi kwenda kwa mtoto wa kulelewa, na baadaye kwenda kwa mjukuu. Bi Mkubwa aliyafahamu hayo pasipo kitabu. Alipoambiwa na mimi, mgeni wa jana, kwamba mjukuu anaonewa, alinionyesha ngazi, na kwamba mjukuu huyo yuko kipago cha juu kuliko yeye. Ni kweli. Kuchotea nyumba yako si sawa na kuchotea nyumba ya bwana.

Lakini kulikuwa na jambo lingine ndani ya nyumba ile ambalo hoja yake haikuligusa. Kulikuwa na mjukuu wa kiume, umri wao unakaribiana, mabega yake mapana kuliko ya dada yake. Huyo alikwenda shule kila siku, akamaliza darasa la saba, akachaguliwa kuendelea na sekondari. Hakuna siku nilimwona na ngata. Kama ni dharura ya wageni, dharura haichagui. Nyumba ikiungua, kila mwenye mikono hubeba ndoo. Hapa palikuwa na uchaguzi. Na palipo na uchaguzi hapawezi kusemwa kwamba hali ndiyo iliyolazimisha.

Nilipokuwa chuoni tulisoma pamoja na wanachuo maandishi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini. Wanachuo walikuwa wepesi kuitaja misingi ya maisha ya jamaa wa zamani: kuheshimiana, mali kutumika kwa wote, kila mtu kufanya kazi. Waliikariri kama sura ya Kurani au kama Baba Yetu, kila mmoja kwa dini yake. Lakini katika maandishi yale yale Mwalimu anasema wazi kwamba maisha hayo ya zamani yalikuwa na kasoro, na mojawapo ni hali ya wanawake, ambao walifanya na bado wanafanya kazi kuliko fungu lao, shambani na nyumbani. Sehemu hiyo ilikuwa ikirukwa. Katika miaka yangu yote ya kusahihisha mitihani sikumbuki kama nilipata majibu mawili yaliyoitaja bila kusukumwa. Hatuna desturi ya kuzikana sehemu za namna hiyo. Tunazipita tu haraka, kama mtu anayepita penye deni.

Mkufunzi mwenzangu mmoja, mtu wa falsafa na mkali wa hoja, nilipomsimulia kisa hiki alinijibu kwa swali. "Yule mgeni mwenye mtoto wa homa," alisema, "uji alionyweshwa mtoto wake ulikuwa uji wa haki au wa dhuluma?" Swali hilo ni gumu, wala sidhani kwamba linajibika kwa neno moja. Uji ulimponya mtoto. Aliyeunywa hakufanya kosa. Aliyeutoa alikusudia heri. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anasema mkarimu wa kweli hutazama pia anakokipata kile anachokitoa, maana hatachukua pasipostahili ili apate cha kugawa. Maneno mazuri, na yangenisaidia zaidi kama aliyeyasema asingekuwa raia wa miji ambayo mabwana walikaa kuzungumza juu ya wema huku watumwa wakipika. Inaelekea jambo hili halikuanzia Pangani.

Nikijaribu kulipima, naona hivi. Mchele ulikuwa wa Bi Mkubwa, na nazi zilitoka katika minazi yake; alipotoa hivyo alitoa chake. Usingizi wake mwenyewe, alioukatiza usiku kwenda kuzalisha, ulikuwa wake. Lakini asubuhi za mtoto yule hazikuwa mali ya bibi yake. Bibi alikuwa amezishika amana tu, kama tunavyoshika amana ya watoto wote. Kwa hiyo katika kila sinia lililopita barazani kulikuwa na mafungu mawili, moja la zawadi na moja la amana iliyotumiwa bila ruhusa ya mwenyewe. Aliyekula hakuweza kuyatenganisha. Anayesimulia anaweza.

Wako watakaosema msichana alifaidika: alifunzwa, akajua mji na watu, akaolewa akiwa na jina zuri. Sikatai. Alikuja kuwa mpishi ambaye harusi za Pangani zinamgombania, na pilau ya watu mia mbili kwake si jambo la kumtia wasiwasi. Ila faida aliyoipata mtu kwa bahati baada ya kunyimwa haki si malipo ya haki ile. Tukikubali hivyo, hakuna dhuluma itakayokosa mtetezi, kwa kuwa binadamu ni mwepesi wa kuotesha kitu hata penye jiwe.

Kuna jambo moja dogo ambalo karibu niliache, lakini ndilo linalonisumbua kuliko mengine. Katika kampeni ile ya kisomo, mimi nilifundisha darasa la jioni la watu wazima, na Bi Mkubwa alikuwa miongoni mwa wanafunzi wangu. Alikuja kila jioni, saa kumi kamili, buibui limepigwa pasi, na daftari lake kalifunga kwa kitambaa. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 aliufanya akafaulu vizuri, na cheti chake alikitundika ukutani karibu na picha ya marehemu mumewe. Alifurahi kama mtoto. Nami nilifurahi naye, na ningefurahi tena. Lakini jioni alizokaa darasani kuna mtu alikuwa jikoni badala yake, na mtu huyo ni yule aliyeishia darasa la tano.

Alipofariki mji ulijaa. Pantoni ilivusha watu toka asubuhi. Hitima ilipikwa kwa masufuria yale yale, na aliyesimamia jiko ni mjukuu yule, wakati huo mwanamke wa miaka thelathini mwenye watoto wanne. Wanaume tuliketi barazani tukisimuliana ukarimu wa marehemu, na kila aliyesema alisema kweli. Maji ya kunawa yaliletwa na wasichana wadogo wawili. Sikuwajua ni wa nani.

Mwaka jana vitukuu wake, vijana wenye elimu, waliamua kuandika kijitabu cha ukoo. Wakaniomba, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wachache tuliobaki tuliomfahamu, niandike kurasa mbili juu ya Bi Mkubwa. Nikafikiri sana namna ya kuandika. Nimesoma kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kilichotoka mwaka 1989, chenye masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa. Bi Kaje wa Mwenye Matano alitoka katika ukoo uliokuwa na watumwa. Bi Mishi wa Abdala wazee wake walikuwa watumwa. Wamewekwa katika jalada moja, kila mmoja kwa sauti yake, na hakuna aliyemzima mwenziwe. Nikaona kumbe inawezekana. Si lazima kumshusha mmoja ili mwingine aonekane, mradi wote wawili waandikwe.

Basi nikaandika habari za ukunga, za kadi za TANU, za jora la bafta, na za sufuria la ziada mwaka wa ukame. Nikaandika pia kwamba maji ya ukarimu huo yalichotwa na mjukuu wake, na kwamba kwa sababu hiyo mjukuu hakumaliza shule. Kabla sijawapa vijana, nikaenda Pangani kumsomea mwenyewe. Nisingeweza kuyatangaza ya maisha yake bila idhini yake. Sasa ni bibi wa watu, amepita miaka sitini, na nyumbani kwake bomba liko uani.

Alivaa miwani, akaichukua karatasi mkononi mwangu akaisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye neno "alitumikishwa" akasimama.

"Hili litoe, Mwalimu. Bibi hakunitumikisha. Andika nilichota maji."

"Na habari ya shule?"

"Hiyo iache. Hiyo ni kweli." Akaendelea kusoma mpaka mwisho, kisha akarudi juu tena, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. "Lakini umeniandika peke yangu. Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa wa alfajiri tu, ndiyo maana uliniona. Wa mchana ulikuwa shule."

Akanitajia majina mawili. Mmoja alikuwa binti wa mpwa wa Bi Mkubwa, aliyeletwa kutoka ng'ambo akiwa na miaka saba. Mwingine hakuwa wa ukoo kabisa, na amekwisha fariki. Akanitajia baba zao, na mitaa waliyoolewa, na yupi kati yao alijua kuimba. Nikatoa kalamu nikayaandika yote pembeni, kisha nyuma ya karatasi. Vijana walikuwa wameniomba kurasa mbili. Nimewapelekea tatu na nusu.